Swali Lisilosemwa Msibani

Mwishoni mwa Machi 1921 mwanamke wa miaka 33 aliruhusiwa kutoka hospitali ya Bellevue, katika mji wa Kreuzlingen, Uswisi. Kwa miaka mingi alikuwa ameogopa kunenepa kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote. Alijinyima chakula huku akikiwaza usiku na mchana, na mara nyingi alisema wazi kwamba anachokitamani ni kufa. Daktari wake, Ludwig Binswanger, aliwaita madaktari wengine wawili washauriane. Wote watatu waliona hawana tiba ya kumpa. Walijua kwamba akirudi nyumbani huenda akajiua, na mumewe naye alijua, lakini aliondoka. Siku ya tatu akajiua. Binswanger alimpa jina la kubuni, Ellen West, na katika miaka ya 1944 na 1945 akachapisha taarifa ndefu juu ya maisha yake. Taarifa hiyo ni moja ya nguzo za kwanza za tiba ya nafsi inayoitwa tiba ya udhanaishi.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, alitoa riwaya ya Kichwamaji. Mhusika wake mkuu, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao. Dada yake Rukia amepewa mimba na Manase, msomi mwenzake mwenye cheo. Misiba inafuatana nyumbani. Kazimoto anamwoa Sabina, dada wa huyo huyo Manase, anatafuta maana ya yote hayo na haipati, na mwisho anajiua. Tanzania ilikuwa katika joto la Ujamaa, na fasihi ilitarajiwa ijenge taifa. Wahakiki kadhaa walimlaumu Kezilahabi kwa kukata tamaa. Mimi naamini alikuwa anatuonyesha kitu ambacho hatukutaka kukitazama.

Nawaweka pamoja makusudi hawa wawili, mmoja aliyeishi kweli na mwingine wa kubuni. Wote walikuwa wasomi, wote walijichunguza kwa ukali, wote walizungukwa na watu waliowajali. Na wote walibaki na swali moja ambalo hakuna aliyekaa nalo pamoja nao. Maswali yanayoshughulikiwa na tiba ya udhanaishi hayakuzaliwa Ulaya. Yamo katika tenzi zetu, yamo misikitini na makanisani, yamo vilingeni kwa waganga. Kinachoipambanua tiba hiyo ni ruhusa inayompa mtu kulisema swali lake mbele ya mwingine, na yule mwingine asikimbilie kulijibu. Ruhusa hiyo kwetu ni adimu, na uadimu wake unatugharimu roho za watu.

Binswanger alikuwa rafiki wa Sigmund Freud. Mwaka 1912 Freud alisafiri hadi Kreuzlingen kumtembelea, na urafiki ulidumu hata mawazo yao yalipoachana. Freud aliamini kwamba ndani ya mtu kuna misukumo inayogombana chini kwa chini, na kazi ya tabibu ni kuifukua. Binswanger alisoma kitabu kikuu cha Martin Heidegger, kilichotoka mwaka 1927, akaona mtu haeleweki kwa kuchambuliwa vipande vipande. Inabidi umuulize anaishi katika dunia ya namna gani: wakati kwake unakwendaje, mwili wake anauonaje, watu wengine wako karibu naye au mbali kiasi gani. Mwenzake Medard Boss alimwalika Heidegger mwenyewe huko Zollikon, karibu na Zürich, ambako kuanzia 1959 hadi 1969 mwanafalsafa huyo alizungumza na madaktari kuhusu maana ya kuwapo kwa binadamu.

Hayo yote ni mazuri. Lakini mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alipoisoma taarifa ya Ellen West aliona pengo ambalo uzuri wa falsafa haukulijaza. Wazazi waliingilia uchumba wa binti huyu. Madaktari walibishana juu ya jina la ugonjwa wake: Emil Kraepelin akaona ni melankolia, Binswanger akaona ni skizofrenia, mwingine akaona lake. Kila mmoja alikuwa na la kusema juu yake. Rogers alihuzunika kwamba hakuna aliyekutana naye kama mtu, akayapokea anayoyahisi kuwa ni kweli yake. Binswanger aliueleza upweke wa Ellen West kwa ustadi mkubwa, miaka zaidi ya 20 baada ya kifo chake. Kuueleza upweke wa mtu na kukaa naye ndani ya upweke huo ni mambo mawili, na tiba ya udhanaishi kama inavyotumika leo ilikomaa pale watabibu wake walipoanza kulifanya la pili.

Aliyezipanga hoja za tiba hiyo kwa lugha ambayo kila mtu anaweza kuifuata ni Irvin Yalom, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 1980. Alisema chini ya hofu nyingi za watu yamejificha mambo manne yasiyokwepeka. Tutakufa. Tuko huru, na kwa sababu hiyo tunawajibika kwa tunavyoishi. Hata tupendwe vipi, kuna mahali ambapo kila mtu yuko peke yake. Na dunia haitukabidhi maana iliyokwisha kutengenezwa. Mtu anaweza kwenda kwa tabibu akilalamikia usingizi, ndoa au kazi. Tabibu wa udhanaishi anamsikiliza huku akijiuliza ni lipi kati ya hayo manne linabisha hodi.

Katika miaka ya 1970 Yalom alikaa na vikundi vya wanawake wenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa mwilini. Alitarajia kukuta giza tupu. Aliyoyakuta yalimshangaza: baadhi yao walisema tangu wajue kuwa wanakufa wameanza kuishi. Waliacha mambo madogo yaliyokuwa yakiwatia hofu, wakajifunza kukataa wasilolitaka, wakazungumza na wapenzi wao bila kujificha. Mmoja alisikitika kwamba ilibidi saratani imjae mwilini ndipo ajue kuishi. Kuanzia hapo Yalom alishika msimamo kwamba kufa kunaua mwili, ila wazo la kufa linaweza kumwokoa mtu.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia wazo hilo bila kukumbuka Pate. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeishi katika visiwa vya Lamu karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga Al-Inkishafi akiwa anayatazama magofu ya Pate, mji uliokuwa na fahari. Kumbi zilizojaa wageni zimebaki na popo, na vyombo vya kaure vimetoweka katika vidaka. Mshairi hawahutubii watu wa mji. Anauhoji moyo wake mwenyewe, kwa ukali, tena na tena: unangoja nini, huoni waliokutangulia? Ni mtu mmoja anayejikalisha chini na kujilazimisha kukitazama anachokikimbia. Sijui utungo mwingine wa Kiswahili ulio karibu zaidi na kinachofanyika katika chumba cha tabibu wa udhanaishi.

Hata hivyo ukaribu huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni mkubwa. Sayyid Abdallah anayatazama mauti ili moyo uiachie dunia. Utenzi unaishia katika moto, mshairi akizipanga tabaka za Jahanamu mbele ya moyo wake. Kifo ni mlango, na nyuma ya mlango kuna hesabu. Yalom hana mlango; amesema wazi mara nyingi kwamba haamini maisha baada ya kaburi. Anayatazama mauti ili mtu aishike dunia vizuri zaidi kwa muda mfupi aliopewa. Wanaanza safari mahali pamoja, wanafika kwingine kabisa. Tabibu wa Kiswahili asiyelijua hilo anaweza kumwumiza mteja Mwislamu au Mkristo kwa kumpa mauti ya Yalom, mauti yasiyo na mlango, akidhani anampa ujasiri.

Nyuma ya Al-Inkishafi yupo mwalimu mwingine, Imamu Ghazali, ambaye kitabu chake cha Ihyaa kimeheshimiwa sana na masharifu wa Ba-Alawi waliotoka Hadhramaut kuja Lamu, Comoro na Zanzibar. Sehemu ya 40 na ya mwisho ya kitabu hicho inahusu kuyakumbuka mauti. Ila mimi hunivutia zaidi yaliyompata mwenyewe. Mwaka 1095 Ghazali alikuwa mwalimu mashuhuri kuliko wote mjini Baghdad, katika madrasa ya Nidhamiya. Ghafla ulimi ukamgoma. Alisimama mbele ya wanafunzi, neno halikutoka. Chakula hakikupita kooni. Matabibu wakampima wakasema ugonjwa umeshuka kutoka moyoni, hawana dawa ya kumpa mpaka moyo wenyewe utulie. Alikuwa ametambua kwamba anafundisha kwa ajili ya jina na cheo. Akagawa mali yake, akabakiza ya kuitunza familia, akaondoka kwenda Sham na Baitul Maqdis, akakaa miaka mingi mbali na umaarufu.

Karne nane na nusu baadaye, huko Saranac Lake katika jimbo la New York, kijana Rollo May alikuwa kitandani akiugua kifua kikuu, na dawa za kukitibu zilikuwa hazijapatikana. Alisubiri picha za mapafu zimwambie kama kidonda kinapona au kinapanuka. Alikuwa na vitabu viwili vya kusoma juu ya wasiwasi, cha Freud na cha Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark aliyekichapisha chake mwaka 1844. Freud, alisema May baadaye, alieleza wasiwasi unafanyaje kazi. Kierkegaard alieleza kile ambacho yeye na wagonjwa wenzake walikuwa wanakipitia vitandani, kupambana kwa aliyepo na kutokuwepo. May aliona pia kwamba wagonjwa waliojilaza na kuwaachia madaktari kila kitu walikufa, na yeye mwenyewe alianza kupona alipoacha kujiona kama mzigo wa wengine. Kitabu chake cha 1950 kilitoka humo, na ndani yake alitenganisha wasiwasi wa aina mbili. Upo wasiwasi unaolingana na tishio lililopo: unaumwa, umefiwa, unabadili maisha. Huo ni sehemu ya kuwa mtu. Upo mwingine uliovimba kupita tishio, unaomfunga mtu asiweze kuishi. Tiba haikusudii kuuondoa wa kwanza. Inamsaidia mtu aubebe, na kwa kuubeba huo, mara nyingi wa pili unapungua.

Ghazali na May wangeelewana. Wote waliugua mwili mahali ambapo maisha yao yalikuwa yanawadai jibu, na wote walikataa kupoza dalili tu. Tofauti ni kwamba Ghazali alikuwa na njia iliyokwisha kupitwa na wengine, njia ya masufi, yenye masheikh wa kumwongoza na nyiradi za kushika. May ilibidi ajitengenezee njia kutokana na vitabu viwili na kitanda.

Waganga nao wana lao. E. E. Evans-Pritchard aliandika mwaka 1937 kuhusu Wazande wa Sudan ya wakati ule, na mfano wake maarufu ni wa ghala la nafaka linaloangukia watu waliokaa kivulini mwake. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo, na anajua watu walikaa pale kwa sababu ya jua kali. Anachouliza ni kwa nini watu hawa, saa hii, chini ya ghala hili. Jibu lake ni uchawi. Wazungu wengi wamelicheka jibu na kulipuuza swali, wakati swali lenyewe ndilo analouliza kila mama aliyezika mtoto: kwa nini mimi? Mganga wa kwetu hulichukua swali hilo kwa uzito kuliko daktari wa zahanati, na ndiyo maana foleni yake haiishi. Tatizo liko katika jibu. Huliweka chanzo cha maumivu ndani ya mtu mwingine: jirani, mke mwenza, shangazi, mara nyingi mwanamke mzee asiye na wa kumtetea. Mwulizaji anatuliwa mzigo wake na mtu mwingine anabebeshwa. Tabibu wa udhanaishi hutamka jambo gumu zaidi: kwamba swali la kwa nini mimi huenda halina jibu, na kwamba bado unaweza kuamua utaishi vipi na kutokuwepo kwa jibu hilo.

Juu ya uhuru, la pili katika yale manne ya Yalom, nina machache ya kusema. Jean-Paul Sartre alifundisha kwamba binadamu amehukumiwa kuwa huru, na watabibu wakalichukua hilo kuwa kazi: kumsaidia mtu aone mahali anaposema "sina la kufanya" wakati analo. Kwetu tunao msamiati mpana wa majaaliwa na kudra, na mara nyingi unatufaa, kwa kuwa unamwondolea mtu lawama zisizo zake. Lakini nimewasikia vijana wakiuita mpango wa Mungu uamuzi uliofanywa na wajomba sebuleni.

Viktor Frankl ananishughulisha zaidi, na napenda kumwanzia kabla ya kambi za mateso, kwani huko nyuma hufichwa na umaarufu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alianzisha Vienna vituo vya ushauri wa bure kwa vijana, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanajiua. Kuanzia 1933 hadi 1937, katika hospitali ya Steinhof, alisimamia wodi ya wanawake waliojaribu kujiua, na maelfu walipita mikononi mwake. Mwaka huo huo wa 1933 aliandika juu ya vijana wasio na ajira. Aliona kwamba walikuwa wameichanganya hali ya kukosa kazi na hali ya kukosa thamani, na kukosa thamani wakakuona ni kukosa maana. Baadhi yao alipowashawishi wajitolee katika maktaba na vyama vya vijana, sonona yao iliondoka, ingawa, kama alivyokiri mwenyewe, njaa ilibaki pale pale. Napenda ukweli huo wa mwisho. Anayewaambia vijana wa Manzese au Mathare watafute maana bila kutaja ajira anawatukana. Frankl hakulisahau tumbo.

Ndipo yakafuata yanayojulikana. Alipata viza ya Marekani, akaiacha ipite ili asiwatupe wazazi wake. Septemba 1942 alipelekwa Theresienstadt, mwaka 1944 Auschwitz, kisha kambi zilizokuwa chini ya Dachau, hadi Aprili 1945 alipokombolewa. Baba, mama, kaka na mke wake, Tilly, hawakurudi. Mwaka 1946 alichapisha kitabu alichokisimulia kwa siku tisa. Hoja yake ni kwamba mtu anaweza kunyang'anywa kila kitu isipokuwa namna anavyoyapokea yanayompata, na kwamba maana hupatikana kwa njia tatu: kwa kazi au kitu unachokiumba, kwa unayempenda au uzuri unaokutana nao, na pale mateso yasipoepukika, kwa jinsi unavyoyabeba. Daktari mzee aliyefiwa na mke alimjia, miaka miwili ya huzuni ikiwa imemlemea. Frankl hakumpa pole wala mawaidha. Alimuuliza ingekuwaje kama yeye ndiye angetangulia. Mzee akasema mkewe angeteseka sana. Frankl akamwonyesha kwamba mateso hayo mkewe ameepushiwa, na anayeyalipia ni yeye kwa kubaki na kumlilia. Mzee akamshika mkono, akaondoka kimya.

Watabibu wengine wa udhanaishi hawakuridhika. Walisema Frankl anampa mgonjwa maana badala ya kumwachia aitafute. Lawama hiyo ina ukweli, na yeye hakuficha kwamba aliamini maana ipo nje yetu, inatusubiri. Kwa hilo yuko karibu zaidi na sheikh au padri wa kwetu kuliko alivyo Yalom, na nadhani ndiye mlango rahisi zaidi kwa mwanasihi wa Afrika Mashariki anayewahudumia watu wa dini.

Mahali ninapoachana na udhanaishi wa Ulaya ni katika upweke. Yalom anafundisha kwamba tunazaliwa peke yetu na tunakufa peke yetu. Mapenzi yanaweza kuupunguza upweke huo, hayawezi kuufuta. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, katika kitabu chake cha 1969 alianza upande wa pili. Kwake mtu yupo kwa sababu watu wapo. Hakuna aliyezaliwa peke yake. Alipotoka tumboni alikuta jina linamngoja, na wajomba, na mashangazi, na waliokufa ambao bado wanatajwa. Mbiti alichukua maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, akaeleza kwamba marehemu anaendelea kuishi katika sasa madamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo anazama katika zamani. Nadharia yake ya wakati imepingwa na wengi, hasa pale aliposema Waafrika hawana wazo la wakati ujao ulio mbali. Lakini hili la marehemu kuishi katika kumbukumbu limesimama. Cha kushangaza, Yalom alipozeeka, katika kitabu cha 2008 juu ya hofu ya kufa, alifika karibu kabisa na hapo: alisema kinachowafariji wateja wake wengi ni kujua kwamba wema wao unaendelea kusambaa ndani ya wengine kama viwimbi majini, hata majina yao yakisahauliwa. Mbiti alitaka jina libaki. Yalom aliridhika na wema.

Mbiti ana haki kuhusu tunavyoingia duniani. Kazimoto, hata hivyo, naye alizaliwa katika ukoo, akapewa jina, akazungukwa na watu Ukerewe nzima. Upweke wake si ule wa mtu aliyefungiwa katika nyumba ya ghorofa mjini Zürich. Ni upweke wa aliye katikati ya umati wenye jibu tayari kwa kila swali. Huo ndio upweke wetu, na utu tunaojivunia hauutibu, wakati mwingine unauzidisha.

Tazama msibani. Sidharau msiba wa Kiswahili hata kidogo. Ni moja ya mambo bora tuliyo nayo. Majirani wanapika, wanawake wanalala na mfiwa kwenye mikeka, wanaume wanakesha nje, michango inapita, hakuna anayeachwa na njaa. Hospitali nyingi za Ulaya zingelipa fedha nyingi kupata nusu ya ukaribu huo. Lakini mjane akifungua mdomo kusema kwamba haoni sababu ya kuendelea, au kwamba amemkasirikia Mungu, mikono kumi inamnyamazisha kwa upendo. Jikaze mwanangu. Ni mipango ya Mungu. Usikufuru. Muda utakuponya. Kila neno ni la huruma na kila neno ni kofuli. Tanga likianuliwa watu wanaondoka, na ndipo swali linapoanza kazi yake usiku.

Padri katika kitubio anatoa faragha na siri, na hilo ni jambo kubwa. Ila mtu huingia kitubioni na dhambi, na huzuni si dhambi. Mwanasihi wa shuleni au wa kituo cha afya anaweza kutoa nafasi hiyo, lakini wengi tumewazoeza kutoa nasaha, hivyo dakika ya tano tu mteja amekwisha kuambiwa la kufanya.

Katika tiba ya udhanaishi saa nzima inaweza kupita bila ushauri hata mmoja. Emmy van Deurzen, Mholanzi aliyefanya kazi London na kuanzisha huko chama cha watabibu wa udhanaishi mwaka 1988, humsaidia mteja kuipitia dunia yake katika pande nne: mwili na mazingira yake, watu anaoishi nao, nafsi yake mwenyewe, na imani zinazompa mwelekeo. Anamuuliza anavyoishi humo, wapi anajidanganya, nini anakithamini kiasi cha kukubali kuumia kwa ajili yake. Hamwahidi furaha. Amesema mara nyingi kwamba maisha ni magumu kwa asili, na kwamba lengo ni mtu ayaishi kwa kweli na kwa macho wazi. Kwa mteja aliyekuja kutaka dawa ya kumlaza usingizi, hiyo ni ahadi ndogo. Kwa aliyekwisha kupewa dawa zote na bado anauliza, inaweza kuwa ahadi pekee yenye maana.

Tiba hii haimtoshi kila mtu. Mwenye skizofrenia au sonona kali anahitaji daktari na dawa, na kumwacha na falsafa ni kurudia kosa la Kreuzlingen. Ushahidi wa utafiti nao haulingani. Mapitio ya Joel Vos na wenzake ya mwaka 2015 yaliona matokeo mazuri zaidi kwa tiba zinazolenga maana moja kwa moja, hasa kwa watu wenye magonjwa ya mwili, kuliko kwa aina nyingine za tiba ya udhanaishi. William Breitbart, katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering mjini New York, alizichukua hoja za Frankl akazitengenezea mpango mfupi wa vikao kwa wagonjwa ambao saratani yao haiponi, na majaribio yameonyesha unawapunguzia kukata tamaa. Hilo linatuhusu. Huduma za tiba shufaa zinakua Afrika Mashariki, wahudumu wake wanaenda majumbani, wanamkuta mgonjwa katikati ya ndugu zake. Hawahitaji kununua upweke wa Ulaya ili wajifunze kumuuliza mgonjwa maisha yake yamekuwa na maana gani, kisha wanyamaze wamsikie.

Ningependa hivyo: umati wetu ubaki, ila mtu mmoja katika umati ule afundishwe kutokufunga kofuli. Awe muuguzi, mwalimu, katekista, sheikh wa mtaa, kiongozi wa kikundi cha akina mama. Aweze kumsikia ndugu yake akisema anataka kufa bila kumkemea na bila kukimbia, akae naye, kisha amsindikize hospitali.

Kwa sasa sheria yenyewe inamzuia. Albert Camus aliandika mwaka 1942 kwamba swali la kujiua ndilo swali la kwanza la falsafa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, tuliyoirithi kwa mkoloni Mwingereza, inalifanya swali hilo kuwa jinai: kifungu cha 217 kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Mtu aliyenusurika anaamka wodini akiwa mtuhumiwa. Nani atamwambia muuguzi ukweli, au mwanasihi, au hata mama yake, ikiwa ukweli huo unaweza kumfikisha polisi? Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi ikatamka kwamba kinapingana na katiba. Uingereza waliotuachia sheria hiyo waliifuta kwao mwaka 1961. Wabunge wetu wanaweza kukiondoa kifungu cha 217, na nawaomba wakiondoe.